Ndoo Mlangoni: Jinsi Masharti ya Korona Yalivyoathiri Maradhi ya Kuhara

Utangulizi

Tarehe 13 Machi 2020, Wizara ya Afya ilitangaza kwamba mtu wa kwanza mwenye ugonjwa wa korona alikuwa amepatikana nchini Kenya. Siku mbili baadaye, Serikali iliamuru shule na vyuo vifungwe. Kabla ya mwezi huo kwisha, kafyu ilikuwa imeanza kutekelezwa, nazo ndoo zenye mifereji zilikuwa zimepangwa kwenye milango ya maduka, benki, masoko na vituo vya matatu. Ikawa mtu hawezi kuingia pahali pa umma ila anawe mikono kwanza.

Shabaha ya masharti hayo ilikuwa moja, nayo ni kuvizuia virusi vinavyoshambulia mapafu. Hata hivyo, mkono wa binadamu hauchagui kijidudu cha kubeba. Mkono uwezao kubeba virusi vya korona ndio huo huo ubebao vijidudu vya kuhara, kutapika na homa ya matumbo. Kwa hivyo linazuka swali ambalo halikuulizwa sana wakati ule kutokana na hofu iliyokuwako: je, sabuni iliyowekwa mlangoni kwa ajili ya mapafu ililifaa tumbo?

Swali hili si la udadisi mtupu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa maradhi ya kuhara huwaua takriban watoto 440,000 walio chini ya umri wa miaka 5 kila mwaka. Vifo hivyo vilikuwako kabla ya korona na vingalipo. Iwapo miaka miwili ya masharti ilitufunza namna ya kuvipunguza, basi ni hasara kubwa kuyasahau mafunzo hayo.

Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo. Kwanza tutaeleza njia ambazo vijidudu vya tumbo hupitia. Pili, tutatazama takwimu za Uingereza na Marekani, ambako hesabu za maradhi haya zilikuwa zikiwekwa kwa utaratibu tangu miaka ya nyuma, na tutaulizana kama takwimu hizo ni za kuaminiwa. Tatu, tutarejea Kenya, na mwisho tutaiangalia lugha ambayo kwayo masharti yenyewe yalitolewa. Hoja yetu ni kwamba masharti ya korona yaliyapunguza kweli maradhi ya tumbo yaenezwayo kwa mikono na mikusanyiko, ila hayakuyagusa yale yaenezwayo kwa maji machafu. Na kwamba faida hiyo haikudumu, kwa sababu ndoo iliwekwa kwenye mlango wa duka badala ya kuwekwa kwenye mlango wa choo.

Kutoka Kinyesini hadi Kinywani

Maradhi ya tumbo tunayoyazungumzia ni yale yanayosababishwa na virusi, bakteria au vimelea vinavyoingia kwa njia ya kinywa na kuushambulia utumbo. Dalili zake zinafahamika: kuhara, kutapika, msokoto wa tumbo na, mara nyingine, homa. Miongoni mwake mna kipindupindu, kuhara damu, na kuhara kwa watoto wachanga kunakoletwa na virusi vya rota. Mna pia virusi vya noro, ambavyo havina sifa kubwa katika mazungumzo yetu ya kila siku, lakini huhesabiwa kuwa chanzo kikuu cha mikurupuko ya kutapika na kuhara ulimwenguni.

Takriban maradhi haya yote husafiri safari moja: hutoka katika kinyesi cha mgonjwa na kuishia katika kinywa cha mwenzake. Mwaka wa 1958, Wagner na Lanoix, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, waliichora safari hiyo kwa mchoro ambao wataalamu wa afya wanautumia hadi leo. Kwa muhtasari, njia zenyewe ni tano:

(a) Vidole: mtu asiyenawa hugusa chakula, chombo, mlango au mtoto.
(b) Chakula: chakula huchafuliwa na mpishi au hakiivi vyema.
(c) Maji: kisima, mto au bomba lililopasuka huingiwa na kinyesi.
(d) Nzi: hutua chooni kisha wakatua sahanini.
(e) Udongo: mashamba na viwanja vilivyochafuliwa huchafua mazao na miguu.

Tukiyaweka masharti ya korona kando ya orodha hii, tutaona mara moja ni wapi yalifika na ni wapi hayakufika. Kunawa mikono kuliifunga njia ya vidole. Kufungwa kwa mikahawa, kusitishwa kwa sherehe na kupunguzwa kwa waombolezaji mazishini kuliibana njia ya chakula. Ama maji, nzi na udongo, masharti hayakuvigusa. Barakoa haimzuii nzi, wala kafyu haisafishi kisima.

Jambo jingine linalofaa kuzingatiwa ni kiasi cha vijidudu kinachohitajika ili mtu augue. Virusi vya noro havihitaji wingi; chembe chache mno, ambazo hata zikikusanywa pamoja jicho haliwezi kuziona, zinatosha kumlaza mtu mzima kitandani. Bakteria wa shigela, wanaosababisha kuhara damu, nao huweza kumwambukiza mtu wakiwa kati ya 10 na 100 tu. Bakteria wa kipindupindu, kwa upande wao, kwa kawaida huhitaji kuingia mwilini kwa mamilioni, kwa kuwa wengi wao huuawa na asidi ya tumbo. Kwa sababu hiyo, noro na shigela hutosheka na kidole kilichochafuka kidogo, ilhali kipindupindu hupendelea maji na chakula kilichochafuka sana. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa yote yatakayofuata.

Takwimu Zasemaje?

Nchini Uingereza, watafiti wa afya ya umma walizilinganisha hesabu za miezi ya mwanzo ya korona mwaka wa 2020 na wastani wa miaka mitano iliyotangulia. Waligundua kwamba mikurupuko ya maradhi ya tumbo iliyoripotiwa ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 52, na wagonjwa waliothibitishwa na maabara wakapungua kwa takriban asilimia 34. Huu ni upungufu mkubwa, hasa ikikumbukwa kwamba hakuna kampeni yoyote ya kupambana na kuhara iliyokuwa ikiendeshwa wakati huo.

Nchini Marekani, kuna majimbo yanayoripoti kila mkurupuko wa virusi vya noro kwa utaratibu mmoja. Katika majimbo 9 yaliyochunguzwa, mikurupuko hiyo ilipungua kwa takriban asilimia 86 baada ya masharti kuanza, ikilinganishwa na miaka ya nyuma. Hali kadhalika, mtandao wa uchunguzi wa FoodNet, uliokuwa ukifuatilia maradhi yatokanayo na vyakula katika maeneo 10 ya nchi hiyo, ulibaini kwamba maambukizi ya mwaka wa 2020 yalikuwa chini kwa asilimia 26 kuliko wastani wa miaka ya 2017 hadi 2019.

Msomaji makini atauliza: mbona upungufu wa asilimia 86 hapa na asilimia 26 pale, ilhali nchi ni moja na mwaka ni mmoja? Jibu limo katika njia tulizozitaja. Virusi vya noro hupita kutoka mtu hadi mtu: katika nyumba za kuwatunzia wazee, katika shule za chekechea, katika meli za watalii na katika karamu. Milango ya mahali hapo ilipofungwa, virusi vilikosa daraja. Bakteria wa salmonela na wa kampilobakta, kwa upande mwingine, huingia jikoni pamoja na kuku, mayai na nyama. Watu waliendelea kula kuku wakati wa kafyu. Tena walimpika nyumbani, kwa mikono yao wenyewe. Daraja lao halikuvunjika, lilitikisika tu.

Aidha, kuna suala la safari. FoodNet ilionyesha kuwa maambukizi yaliyohusishwa na safari za nje ya nchi yalishuka kutoka asilimia 14 ya maambukizi yote hadi asilimia 5. Kusimama kwa ndege kulikuwa kusimama kwa vijidudu pia, kwani abiria hawabebi mizigo iliyopimwa peke yake.

Je, Takwimu Zinadanganya?

Kabla ya kushangilia, inatupasa kuzisaili takwimu hizi. Mgonjwa wa kuhara huingia katika hesabu pale tu anapokwenda hospitalini, daktari akaagiza choo chake kipimwe, na maabara ikaripoti matokeo. Mwaka wa 2020, kila kiungo cha mnyororo huo kilikuwa kimelegea. Watu waliziogopa hospitali. Wengi walizungumza na daktari kwa simu, na simu haipimi choo. Maabara nazo zilikuwa zimelemewa na vipimo vya korona. Kwa hivyo, sehemu ya upungufu huenda ilikuwa upungufu wa hesabu, si upungufu wa ugonjwa.

Nchini Kenya, tahadhari hii ina uzito zaidi. Katika miezi ya mwanzo, waliopelekwa karantini walitakiwa kujilipia gharama, na habari hizo ziliwafanya wengi wasithubutu kuingia hospitalini hata kwa maradhi mengine. Isitoshe, mnamo Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki walianza mgomo uliodumu hadi mwaka uliofuata. Mzazi ambaye mtoto wake aliharisha wakati huo hakuwa na wa kumhesabu. Yeyote atakayechukua daftari za hospitali za umma za kipindi hicho, akaona wagonjwa wa kuhara wamepungua, kisha akahitimisha kuwa ni kazi ya sabuni, atakuwa amekosea.

Tutajuaje basi kwamba kulikuwa na upungufu wa kweli? Njia moja ni kuvilinganisha vijidudu vyenyewe. Kama sababu ingalikuwa ni watu kutokwenda hospitalini peke yake, maradhi yote ya tumbo yangalipungua kwa kiasi kinachokaribiana, kwa sababu mgonjwa anapoamua kubaki nyumbani hajui kama anaumwa noro au salmonela. Lakini sivyo ilivyokuwa. Yale yaenezwayo na mtu kwa mtu yaliporomoka, na yale yaenezwayo na nyama yakapungua kwa kiasi kidogo. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa na woga wa hospitali. Inaelezwa na namna kila kijidudu kinavyosafiri. Hapa ndipo takwimu, licha ya dosari zake, zinaposema kweli.

Sabuni, Kitakasa na Umbali

Masharti yalikuwa mengi na yalikuja kwa pamoja, hivyo ni vigumu kulitenga moja na kusema ndilo lililoleta nafuu. Hata hivyo, elimu ya viumbe hutusaidia kuyapima.

Virusi vya korona vimefunikwa kwa utando wa mafuta. Sabuni huuyeyusha utando huo. Alkoholi nayo huuharibu. Virusi vya noro havina utando wa namna hiyo. Vimevaa gamba la protini lisilotishika upesi, ndiyo maana kitakasa mikono chenye alkoholi hakiviui vizuri. Sabuni na maji yanayotiririka hufaulu kwa njia nyingine: haviviui, bali huving'oa mikononi na kuvipeleka na maji. Kwa hiyo, chupa ya kitakasa iliyomtosheleza abiria wa matatu dhidi ya korona haikuwa badala ya ndoo na sabuni dhidi ya kuhara.

Ufaafu wa kunawa si jambo la kubahatisha. Uchanganuzi wa tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali kabla ya korona ulionyesha kwamba kuhimiza watu wanawe mikono hupunguza visa vya kuhara kwa takriban asilimia 30. Tukiilinganisha asilimia hiyo na ile 86 ya virusi vya noro, tunaelewa kuwa kunawa hakukufanya kazi peke yake. Kufungwa kwa shule, mikahawa na kumbi kulichangia pakubwa. Nako kufunga shule si kinga ambayo nchi inaweza kuishi nayo. Kilichobaki kuwa urithi wetu wa kudumu, tukitaka kuurithi, ni maji na sabuni.

Hatuna budi kutaja vilevile kwamba masharti yalikuwa na upande wa pili. Mnamo Aprili 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri kampeni za kugawa dawa kwa umma dhidi ya maradhi kama ya minyoo ziahirishwe kwa muda. Nchini mwetu dawa za minyoo huwafikia watoto wakiwa shuleni, na shule zilikuwa zimefungwa. Hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 4 Januari 2021. Mtoto aliyeepushwa na virusi vya darasani alikosa pia kidonge cha darasani.

Kenya: Ndoo Bila Maji

Masharti ya kunawa yaliikuta Kenya katika hali gani? Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF, mwaka wa 2020 watu bilioni 2.3 ulimwenguni hawakuwa na mahali pa kunawia penye maji na sabuni nyumbani mwao. Nchini Kenya, ni takriban robo tu ya watu waliokuwa napo. Agizo la kunawa mara kwa mara lilitolewa, basi, kwa taifa ambalo familia tatu kati ya nne zingelazimika kwanza kutafuta chombo, maji au sabuni.

Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Mama mwenye mitungi miwili kwa siku huipangia: ya kunywa, ya kupikia, ya kuoshea vyombo, ya kufulia nepi. Kunawa mara kumi kwa siku kwa watu sita ni mtungi mwingine mzima, na mtungi huo una bei. Hapana shaka kwamba juhudi zilifanywa. Visima vilichimbwa katika mitaa hiyo na matangi ya maji ya bure yakawekwa. Mashirika na vikundi vya vijana vilipeleka ndoo na sabuni. Vijijini, vifaa vya kunawia vya kukanyagwa kwa mguu, vinavyojulikana kwa jina la kibuyu chirizi, vilionekana kwenye maboma mengi. Chombo hiki ni mtungi mdogo uliotobolewa tundu na kuning'inizwa, ambao huinama mtu anapokanyaga kijiti kilichofungwa kamba. Hutoa maji kidogo tu, wala mkono hauugusi mfereji.

Hata hivyo, katika mwaka huo huo wa ndoo, kipindupindu hakikutoweka. Mvua za masika za 2020 zilileta mafuriko yaliyowaua zaidi ya watu 200 na kuwahamisha wengi makwao. Kaunti za Garissa, Turkana, Marsabit na Wajir ziliripoti wagonjwa wa kipindupindu wakati ambapo taifa zima lilikuwa likinawa. Hapa tunayaona yale tuliyoyaeleza awali: kijidudu kinachosafiri kwa maji hakijali ndoo iliyo mlangoni, hasa iwapo maji yaliyomo katika ndoo hiyo yametoka katika kisima kilichoingiliwa na mafuriko.

Funzo chungu zaidi lilikuja baadaye. Kafyu iliondolewa mnamo Oktoba 2021, na sharti la kuvaa barakoa hadharani likaondolewa mnamo Machi 2022. Mnamo Oktoba 2022, mkurupuko wa kipindupindu ulianza katika kaunti ya Kiambu baada ya sherehe ya harusi, ukasambaa hadi zaidi ya nusu ya kaunti za nchi. Kufikia mwisho wa mwaka wa 2023, wagonjwa walikuwa wamepita 12,000 na waliokufa walikuwa takriban 200. Ukame mkali, uliofuatwa na mafuriko, ulichangia. Lakini ni vigumu kutoona kwamba harusi, mkusanyiko wa aina ile ile uliokuwa umepigwa marufuku miaka miwili kabla, ndiyo iliyokuwa lango.

Nchi za mbali nazo zilishuhudia marejeo ya aina hiyo. Nchini Uingereza, masharti yalipokuwa yakilegezwa katikati ya mwaka wa 2021, mikurupuko 154 ya virusi vya noro iliripotiwa katika majuma machache, ilhali wastani wa kipindi kama hicho katika miaka mitano iliyotangulia ulikuwa 53. Wengi wa waliougua walikuwa watoto wa shule za chekechea. Wataalamu walieleza kuwa watoto hao hawakuwa wamekutana na virusi hivyo wakati wa masharti, hivyo miili yao haikuwa imejijengea kinga. Nchini Marekani pia, mikurupuko ya noro iliyoripotiwa kati ya Agosti 2021 na Julai 2022 ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya mwaka uliotangulia. Kinga ya sharti huisha sharti linapoisha.

Kitenzi na Wakati Wake: Lugha ya Kinga

Sisi wapenzi na wanafunzi wa Kiswahili tuna la kusema katika jambo hili. Kipindi cha korona kilikuwa pia kipindi cha lugha. Neno barakoa, ambalo pwani lilimaanisha vazi la kufunika uso wa mwanamke, lilipata maana mpya na kuenea bara kwa muda mfupi mno. Tanzania iliunda jina UVIKO-19. Kitakasa mikono kikapambana na sanitaiza, na mpaka leo mshindi hajatangazwa.

Katika mabango ya wakati ule, nawa mikono na osha mikono yaliandikwa kana kwamba ni kitu kimoja. Kiswahili, hata hivyo, ni tajiri katika uwanja huu. Msemaji wake huosha vyombo, hufua nguo, huoga mwili, hutawadha aendapo kuswali, huchamba amalizapo haja, na hunawa mikono au uso. Hatusemi kwamba kuosha mikono ni kosa la sarufi. Tunasema kwamba lugha inayotenga vitendo hivi kwa vitenzi mbalimbali imekwisha kutambua, tangu kale, kwamba kila uchafu una wakati wake na namna yake ya kuondolewa.

Zingatia kitenzi nawisha. Katika desturi ya pwani, mgeni anapokaribishwa chakulani hunawishwa: mwenyeji au mtoto wa nyumba hushika birika, akamimina maji juu ya mikono ya mgeni, nayo yakaangukia beseni. Maji yaliyompitia mmoja hayamrudii mwingine. Linganisha na bakuli moja la maji linalozungushwa mezani, kila mtu akichovya vidole. Bakuli hilo huvichanganya vijidudu vya wote na kuvigawa upya. Elimu ya afya ya leo inaposisitiza maji yanayotiririka, inalisifu birika bila ya kulitaja.

Linalotuhusu zaidi ni wakati wa kitenzi. Ujumbe wa korona ulikuwa: nawa uingiapo. Uingiapo dukani, uingiapo benki, uingiapo garini. Ujumbe wa kuhara ni tofauti: nawa utokapo chooni, nawa ukishamsafisha mtoto, nawa kabla ya kupika, kabla ya kula, kabla ya kumlisha mtoto. Kitenzi kilikuwa kile kile, ila kishazi cha wakati kilibadilika, na katika kishazi hicho ndimo ulimo uhai wa mtoto. Umma ulifunzwa kunawa kwenye mlango wa mtu mwingine, mbele ya askari wa mlangoni, kwa hofu ya kukatazwa kuingia. Haukufunzwa kwa nguvu zile zile kunawa nyuma ya nyumba, pasipo askari. Askari alipoondoka, ndoo nayo ikaondoka.

Tena, neno kitakasa lenyewe huenda lilipotosha. Kutakasa, katika Kiswahili, ni zaidi ya kusafisha. Ni kuondoa kila doa, hata la moyo. Aliyejipaka kitakasa akaamini kwamba mikono yake imetakata kabisa alikuwa na haki ya kuamini hivyo kwa kulifuata neno. Virusi vya noro, kwa bahati mbaya, havisomi kamusi. Waundaji wa istilahi wana jukumu la kujiuliza kama jina wanalokipa kifaa linaahidi zaidi ya kile kifaa kiwezacho kutenda.

Hitimisho

Tumeona kwamba masharti ya korona yalifanya kazi ambayo hayakutumwa. Yaliyapunguza maradhi ya tumbo, hasa yale ya mtu kwa mtu, kwa kiwango ambacho kampeni za kawaida hazijapata kukifikia. Tumeona pia kuwa sehemu ya upungufu huo ilikuwa ya hesabu tu, kwamba maradhi ya maji hayakutishika, na kwamba nafuu iliyopatikana ilitoweka masharti yalipoondolewa.

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mahali pa kunawia pajengwe karibu na choo cha kila shule, soko na kituo cha matatu, pawe pa kudumu, pasiwe pa kungojea ugonjwa mwingine. Pili, maji safi yahesabiwe kuwa ndiyo kinga ya kwanza ya kipindupindu, kwani hakuna unawaji utakaomwokoa mtu anayekunywa maji machafu. Tatu, ujumbe wa afya uandikwe na watu wanaojua ugonjwa na wanaojua lugha wakiwa meza moja, ili wakati wa kitenzi uafikiane na safari ya kijidudu.

Pendekezo hili la mwisho linatuhusu sisi moja kwa moja. Katika vyuo vyetu, idara ya Kiswahili na kitivo cha tiba aghalabu hutenganishwa na ua mmoja tu, na ni nadra wanafunzi wa huku kuvuka kwenda kule. Bango linalosema nawa utokapo chooni lina maneno matatu. Kuyapata maneno hayo matatu, na kuyabandika mlangoni panapostahili, ni kazi ambayo haihitaji kungojea ugonjwa mwingine uje kutuhimiza.